Neno Moja kwa Shangazi

20 Desemba

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi ni mzima, ila uchovu ndio hauniachi, nao tumeshazoeana kama watu wa chumba kimoja. Ninyi hamjambo? Mdogo wako Kifaranga kikohozi kimekwisha? Magoti ya shangazi yako bado yanamsumbua? Nisalimie wote, na wa kanisani pia.

Dereva wa lori la matofali ameniletea habari kutoka kwa mchungaji kwamba umefaulu na umepata nafasi sekondari. Niliisoma nikiwa juu ya tanuru, nikairudia, nikampa Taratibu naye aisome. Huyu ni mwenzangu wa chumba, tunamwita hivyo kwa sababu hata chafya anaipiga kwa awamu. Akasema basi mtoto amempita baba, maana mimi darasa la nne lilinishinda. Nilicheka. Ni kweli tupu.

Mama, nakutia moyo. Huko sekondari utakutana na watoto waliokuzidi kila kitu, viatu, Kiingereza, hata namna ya kucheka. Usisinyae. Samweli alikuwa mdogo kuliko wewe alipoachwa hekaluni, mbali na mama yake, na huko huko Mungu akamwita kwa jina. Aliyemwona Samweli anakuona na wewe. Kila asubuhi kabla ya kutoka, weka mkono juu ya mfuko wako wa shule useme, Bwana, nitangulie. Basi, inatosha.

Na siku ya kufungua shule nitafunga, kama wazazi wote wa kanisa letu wanavyofanya. Wao hawali wala hawanywi mpaka mtoto arudi nyumbani. Mimi sitakuona ukirudi, kwa hiyo nitafunga mpaka jua lizame. Tangu mama yenu atutoke sijawahi kuiruka siku hiyo.

Niandikie upesi. Huku mtandao haushiki kabisa, dereva ndiye simu yetu.

Ni mimi baba yako.


29 Desemba

Shikamoo Baba,

Sisi hatujambo. Kifaranga anakohoa usiku tu, mchana anapiga kelele kama kawaida. Shangazi magoti yamemvimba, anapanda ngazi kwa kushika ukuta. Wewe je? Unakula vizuri? Mwambie Taratibu namsalimu, na kwamba nimecheka peke yangu mpaka Shangazi akaniuliza kama nina homa.

Asante kwa maneno yako. Nimeshaanza kuweka mkono juu ya mfuko, ingawa bado ni mtupu.

Baba, kuna jambo. Unajua Shangazi anafua mashuka ya ile nyumba ya wageni. Tangu magoti yavimbe, kufua nimeachiwa mimi. Mashuka yanakuja alfajiri na lazima yawe yamefuliwa, yamekauka na kupigwa pasi kabla wageni wapya hawajaingia, yaani kabla ya alasiri. Nimemuuliza Shangazi nikianza shule itakuwaje. Akasema shule haina miguu, haitakimbia. Nimemwambia nitafua jioni, yakauke usiku, nipige pasi kabla sijaondoka, na mwenye nyumba ya wageni hana neno, nilimuuliza mwenyewe. Shangazi akasema, "Wewe ni nani wa kunipangia kazi? Baba yako amesema nini?"

Kwa hiyo nakuomba, Baba, mwandikie. Neno moja tu. Mwambie mtoto aende shule. Mimi nikisema naonekana nina mdomo. Wewe ukisema ni kauli ya ndugu yake.

Shule inafunguliwa Jumatatu ya pili ya Januari.

Mwanao.


6 Januari

Mwanangu,

Nimepata barua yako, nami naendelea, mgongo tu. Kifaranga mpake mafuta ya moto kifuani kabla hajalala.

Hilo neno uliloniomba ni fupi, lakini kulisema ni kazi. Nikueleze usichokijua. Mimi nilipozaliwa mama yetu aliugua muda mrefu, ikawa hakuna wa kunishika. Shangazi yako alikuwa darasani, tena walisema ana akili kuliko wavulana. Wakamtoa. Alinibeba mgongoni mpaka nikaanza kukimbia, na aliporudi shuleni kiti chake kilikuwa na mtu mwingine. Mpaka leo anasoma jina lake tu. Sasa nishike kalamu nimwandikie dada yule kwamba mwanangu asizuiliwe kwenda shule? Nianzie wapi? Halafu akikasirika akasema chukua wanao, mtalala wapi? Hapa tunalala wanaume wanne kwenye chumba cha mabati.

Kwa hiyo jambo hili nimelipeleka juu. Nitafunga, na safari hii nafunga kwa ajili ya moyo wake ulainike. Wewe siku hiyo vaa sare, chukua mfuko, piga magoti uombe, kisha simama mlangoni. Usimwambie kitu. Mwache Mungu aseme naye. Aliyefungua bahari hashindwi na mwanamke mmoja na mashuka yake.

Jipe moyo, mama. Imani ndiyo sare yako ya kwanza.

Baba yako.


19 Januari

Mwanangu mpendwa,

Habari za huko? Habari za shule? Samahani kwa mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto.

Usishtuke. Siku ile ya Jumatatu ilikuwa zamu yangu ya kupakua tanuru. Matofali yanatoka bado yana moto, tunayashika kwa magunia. Mimi sikuwa nimekunywa hata tone. Kila tofali nililotoa nilijisemea sasa anatoka nyumbani, sasa yuko barabarani, sasa anaingia getini. Taratibu akaniona natetemeka, akaja na kopo. Akaniambia, "Aliyeumba koo ndiye aliyeumba maji. Kunywa, mzee." Nikamsukuma. Kilichofuata sikukijua mpaka nilipojikuta kivulini. Wanasema nilianguka, mkono wa kulia ukalalia matofali ya moto, na gunia lilikuwa limeshachomoka. Walinitia maji mdomoni nikayatema, kwa sababu jua lilikuwa bado juu.

Mkono umefungwa. Nyapara amenitoa tanuruni, ananipa kufagia majivu. Lakini nakuambia kweli, jua lilipozama nikanywa yale maji, nilijisikia mwepesi. Nikasema mtoto amefika, mtoto amekaa darasani, mtoto amerudi.

Sasa niambie. Umekaa upande gani, wa dirisha au wa ukuta? Mwalimu wako ni mwanamume au mwanamke? Wamekuita kwa jina? Nimemwandikia mchungaji habari zote kwa mkono huu huu, awaambie wazazi wengine wasichoke kufunga kwa ajili ya watoto.

Nasubiri jibu lako kuliko dawa.

Baba yako.


25 Januari

Shikamoo Baba,

Pole sana kwa mkono. Nimelia. Weka asali ukiipata, na usiuloweshe.

Baba, sikwenda.

Nilifanya kama ulivyoniagiza. Nilivaa sare, nikachukua mfuko, nikapiga magoti, nikasimama mlangoni. Shangazi alikuwa anapuliza mkaa wa pasi. Akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. Akasema, "Umependeza. Ukishamaliza kupendeza, mashuka ya chumba cha juu yana damu ya pua, anza na hayo." Nilisimama kidogo, nikingoja Mungu aseme naye. Kisha nikavua sare nikaanza na yale ya damu. Wakati wewe unatoa matofali ukisema niko barabarani, mimi nilikuwa kwenye karai.

Jumapili mchungaji akaisoma habari yako mbele ya kanisa. Akaniita nisimame madhabahuni, akasema tazameni mtoto ambaye baba yake ameungua akifunga kwa ajili yake. Watu wakapiga makofi. Akina mama wakaja kunikumbatia, wengine wakanipa kalamu. Shangazi alisimama pembeni yangu na amina yake ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote. Hakuna aliyeniuliza niko darasa gani. Mikono yangu ilikuwa inanuka sabuni, nikaificha nyuma.

Sikukuandikia mapema kwa sababu niliona aibu kwako. Nilidhani nimekosea mahali, labda sikuomba vizuri.

Lakini bado muda upo. Nilikwenda jioni kwa mwalimu mkuu wa sekondari, ni mwanamke, akanisikiliza akiwa anafunga ofisi. Amesema nafasi yangu ataishikilia mpaka katikati ya Februari, baada ya hapo inakwenda kwa mwingine. Akasema nije na mlezi wangu, au nilete neno la baba.

Kwa hiyo ndiyo hiyo, Baba. Usifunge tena, utakufa. Mwandikie Shangazi. Mkono ukiuma mwambie Taratibu aandike, mstari mmoja unatosha. Nakuomba kama ninavyomwomba Mungu.

Mwanao.


2 Februari

Binti yangu,

Salamu. Natumaini mmeamka salama. Mimi mkono unatoa usaha lakini tuyaache hayo.

Barua yako imenikata maini. Kwa hiyo mimi nilifungia mashuka. Watu wa huku wananiuliza mtoto anaendeleaje shuleni nami nawaambia vizuri, na Taratibu ananitazama, maana nilimpa barua yako akaisoma yote. Ungeniambia siku ile ile nisingejiaibisha kwa mchungaji.

Tena nikuulize. Ulisimama mlangoni kwa imani au ulisimama kujaribu? Unasema ulisimama kidogo. Kwa nini kidogo? Danieli alikaa na simba usiku kucha, hakuandika barua kwa mtu kuomba atolewe. Wewe karai limekutazama mara moja ukavua sare. Mimi niliungua, sikutema imani, nilitema maji.

Usiniombe tena hilo neno. Nimeshakueleza sababu. Mimi na dada yangu hatujawahi kupandishiana sauti, na sitaanza leo, mkono wenyewe umeoza. Nimefanya lililo bora. Nimemwomba mchungaji afike nyumbani kwenu wiki hii, akae na shangazi yako, aombe pale pale ndani. Yeye ni mtumishi, akiomba mlangoni pa mtu pana uzito kuliko mimi kuomba juu ya majivu.

Mheshimu shangazi yako. Omba bila kukoma.

Baba yako.


27 Februari

Shikamoo Baba,

Natumaini mkono unapona. Sisi wazima. Kifaranga ameng'oka jino, analionyesha kwa kila mtu anayepita.

Mchungaji alifika. Shangazi alitandika kitambaa cha meza, akampikia chai. Walizungumza habari za magoti. Mchungaji akayawekea mikono, akaomba, kisha akaiombea biashara, mashuka yaongezeke, wageni wasikauke. Nilikuwa nimesimama na birika. Aliponiona akakumbuka, akasema baba yako anakuombea sana, nawe uwatii wanaokulea. Shangazi akamuuliza, na ndugu yangu amesema nini kuhusu huyu? Mchungaji akasema, anafunga, mama, anafunga mno. Shangazi akasema haya. Akamwongezea chai.

Katikati ya Februari imepita. Nafasi amepewa binti wa fundi baiskeli wa pale kona. Hana ubaya. Alikuja mwenyewe kuuliza kama nina sare ambayo siitumii. Nikampa ajaribu. Ilimkaa vizuri kuliko ilivyonikaa mimi. Akaondoka nayo, na zile kalamu za akina mama pia nikampa.

Umeniuliza kama nilisimama kwa imani au kwa kujaribu. Sijui, Baba. Nilisimama kwa sababu uliniambia.

Sijaacha kuomba, usije ukafikiri hivyo. Ila siku hizi naomba vitu vidogo. Asubuhi namwomba Mungu jua litoke mashuka yakauke. Hapo huwa ananisikia.

Shangazi amesema Kifaranga sasa ana nguvu za kubeba kapu la vibanio na ndoo ndogo. Mwakani alitakiwa aanze darasa la kwanza.

Mwanao.


14 Septemba

Mwanangu,

Salamu kwako, kwa mdogo wako, kwa shangazi yako. Mimi nipo. Hii ni barua ya tatu bila kupata jibu, na dereva anaapa zote amezifikisha. Sikulaumu. Mwenye neno akilikalia, anayemngoja naye huchoka kusema.

Mkono umepona lakini umejikunja. Vidole viwili havinyooki tena. Tanuruni sitarudi, nafagia tu, na jioni nafua nguo za wenzangu. Ndiyo, nafua. Taratibu anasema ningekuona ungenifundisha kukamua.

Nikwambie kilichonipata. Kila nikipiga magoti nianze kukuombea, nasikia lile neno lako la jua na mashuka. Siwezi kulivuka. Nikianza Baba yetu, linakuja. Nimebaki napiga magoti kama mtu aliyeangusha kitu anakitafuta chini.

Leo nimemwandikia shangazi yako. Imo humu ndani ya hii, wewe utamsomea kama ilivyo, usiongeze, usipunguze. Imekuwa fupi. Nimesema, "Dada, mtoto alitakiwa aende shule. Mtafutie nafasi tena, na Januari Kifaranga naye aende. Kama kuniambia hivi nimekukosea, nikosee mimi, wanangu usiwaguse." Nimeandika kwa mkono uliojikunja ili nisiandike mengi. Sikuweka aya ya Biblia. Sikufunga, wala sikuomba kwanza. Nimeandika kwanza.

Naogopa kuliko siku ile ya tanuru.

Baba yako.


11 Januari

Shikamoo Baba,

Hatujambo. Natumaini nawe hujambo na mkono haukusumbui tena. Nisamehe kwa kukaa kimya. Barua zako zote nilizipata. Nilikuwa sina la kukuandikia.

Ile ya Shangazi nilimsomea siku ile ile ilipofika, mwezi wa Septemba. Tulikuwa tunakunja mashuka, yeye ameshika ncha za huku na mimi za kule. Nikaweka ncha zangu chini nikasoma. Alipokwisha kusikia akaniambia nirudie. Nikarudia. Akakaa juu ya mashuka safi, yeye ambaye hata Kifaranga akiyagusa anapigwa.

Akasema, "Nimelingoja neno hili miezi yote hii. Siku wananitoa shule nimbebe yeye, baba yetu alikuwa amekaa pale pale, anachonga mpini. Hakusema kitu. Nikasema ngoja nimwone na huyu, mwanawe akizuiliwa atasema? Akaniletea mchungaji. Angesema Januari, mtoto, Januari ungekwenda."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia nami nikuambie. Akasema angeniambia, lingekuwa neno langu, si lako.

Kesho yake alivaa viatu vya kanisani, tukaenda sekondari, yeye kwa magoti yale. Alimwambia mwalimu mkuu kosa ni la kwake, mtoto arudishiwe nafasi. Mwalimu mkuu alizungumza kwa upole mno. Akasema nafasi yangu ilishakwenda Februari, na za mwakani ni za watakaofaulu sasa, madarasa yenyewe yamejaa mpaka wanakaa watatu watatu. Akatushauri nijifunze cherehani. Njiani Shangazi alikaa mara mbili kupumzika. Sasa anafua na mimi, tunagawana karai. Siwezi kusema ninampenda. Siwezi kusema ninamchukia pia, mikono yetu imekuwa inafanana.

Wewe nawe sikuchukii, Baba. Najua uliungua. Ila kuungua kwako hakukunifikia huku, na mstari mmoja ungefika.

Leo shule zimefunguliwa. Kifaranga ameanza darasa la kwanza. Shangazi mwenyewe alimpigia pasi shati, akairudia kola. Nilimpeleka mimi mpaka getini. Alinishika vidole akaniuliza kama ni kweli Mungu anaingia na watoto darasani, maana mchungaji alisema hivyo Jumapili. Nikamwambia ni kweli, anaingia, anakaa nao, anawajua kwa majina. Sikumdanganya, nadhani hilo bado naliamini.

Kisha nikachuchumaa nikamwambia, "Lakini likikupata jambo humo ndani, usiishie kumwambia yeye. Njoo uniambie mimi, na mimi nitakwenda kusema."

Akaingia. Mimi nikarudi kwenye mashuka.

Mwanao.